Jiwe Linalogeuka Chokaa

Saga mahindi upate unga. Umbo limebadilika, lakini unga huo bado ni mahindi. Tia chumvi katika maji. Huioni tena, lakini ukionja utaitambua. Ukiyachemsha maji hayo mpaka yaishe, chumvi itabaki ndani ya sufuria.

Sasa choma kuni. Moshi umekwenda zake na majivu yamebaki. Huwezi kuyafanya majivu hayo yawe kuni tena. Hapa vimetokea vitu vipya, vyenye tabia mpya. Badiliko la namna hii huitwa badiliko la kikemikali. Katika somo hili tutaliona badiliko hilo katika chokaa ya kujengea.

1. Jiwe linachomwa

Watu wa pwani wamechoma chokaa kwa karne nyingi. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ulioanza kujengwa katika karne ya 11, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa.

Mchomaji hupanga magogo na mawe, kisha huwasha moto. Moto huo lazima uwe mkali sana, kiasi cha digrii 900 za Sentigredi. Kumbuka kuwa maji huchemka kwa digrii 100 tu.

Kwa moto huo jiwe hugawanyika. Sehemu moja ni hewa ya ukaa, ambayo huruka pamoja na moshi. Sehemu ya pili hubaki. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa mpaka liive kabisa, utabaki na kilo 56. Kilo 44 hazikupotea, zimekwenda hewani.

Ukilitazama jiwe lililoiva, utaona umbo lilelile. Lakini linyanyue: ni jepesi. Si jiwe lile tena.

2. Chokaa inazimwa

Jiwe la kawaida ukilinyunyizia maji hulowa tu. Jiwe lililochomwa huyanywa maji hayo, likafuka mvuke, likapasuka na kuwa unga. Joto lake laweza kuchemsha maji, wala hapana moto chini yake. Joto hilo hutoka katika badiliko lenyewe.

Hapo kilo 56 za chokaa hushika kilo 18 za maji, zikawa kilo 74 za chokaa iliyozimwa. Maji hayo yamekuwa sehemu ya kitu kipya.

3. Chokaa inarudi kuwa jiwe

Fundi huchanganya chokaa iliyozimwa na mchanga na maji, akajengea au akapiga lipu. Ukutani, chokaa huvuta hewa ya ukaa kutoka katika hewa tunayovuta sisi. Ni hewa ya aina ileile iliyotoka katika jiwe wakati wa kuchomwa. Polepole chokaa hugeuka kuwa jiwe tena, kuanzia nje kwenda ndani. Ukuta mnene waweza kuchukua miaka.

Badiliko hili huhitaji unyevu kidogo. Kwa hiyo ukinge ukuta mpya na jua kali, na uunyunyizie maji. Ukikauka upesi mno, lipu itakuwa dhaifu na itapukutika.

4. Jihadhari

Macho hudanganyika. Mtoto akiona jiwe lililochomwa hufikiri ni jiwe la kuchezea. Lakini chokaa hiyo hutafuta maji, na machozi na jasho ni maji pia. Huunguza ngozi, na yaweza kupofusha jicho. Chokaa iliyozimwa nayo ni hatari kwa macho. Basi shika haya:

– Zungushia ua shimo la kuzimia chokaa, na watoto wasikaribie.
– Unapozima chokaa nyingi, tia chokaa katika maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya rundo.
– Usiweke chokaa iliyochomwa mahali panapovuja, wala karibu na makuti au nyasi kavu. Ikilowa, joto lake laweza kuwasha moto.
– Ikiingia jichoni, lifunue jicho na uoshe palepale kwa maji mengi safi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi. Usitie limau, maziwa wala dawa nyingine. Kisha mpeleke mgonjwa zahanati au hospitali upesi.
– Ikiwa kavu juu ya ngozi, ikung'ute kwanza, kisha osha kwa maji mengi.

Maswali ya kujadiliana

1. Kusaga mahindi na kuchoma kuni kuna tofauti gani?
2. Kwa nini jiwe lililochomwa ni jepesi kuliko lilivyokuwa?
3. Katika kijiji chenu, chokaa huwekwa wapi? Je, watoto wako salama?