Nani acheze haramia, nani acheze nahodha

Against All Flags ni filamu ya Hollywood iliyotoka mwaka 1952, na kisa chake ni cha Bahari ya Hindi. Errol Flynn anacheza Brian Hawke, ofisa Mwingereza anayejipenyeza kwenye ngome ya maharamia huko Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, karibu na mwaka 1700. Maureen O'Hara ni Spitfire Stevens, mwanamke asiyetishika miongoni mwa wakuu wa maharamia hao. Anthony Quinn ni Roc Brasiliano, haramia mwenye wivu na kisasi. Kati yao yupo Patma, binti wa mfalme wa Wamogoli wa India, aliyetekwa pamoja na merikebu ya baba yake. George Sherman ndiye aliyeiongoza filamu hiyo. Mwaka 1967 kampuni ya Universal ilikitengeneza upya kisa hichohicho kwa jina la The King's Pirate, safari hii Doug McClure akikaa mahali pa Flynn. Mara zote mbili nafasi kubwa zilikwenda kwa waigizaji wa Hollywood, ingawa bahari inayosimuliwa ni hii inayopiga ukuta wa Forodhani, Unguja.

Anayetaka kukitengeneza kisa hiki mara ya tatu, na kupiga picha zake Unguja, hana budi kuanza na historia, maana ndiyo itakayomwelekeza nafasi ipi impe nani.

Mwaka 1695 Mwingereza Henry Every, akiwa na merikebu ya Fancy, aliiteka Ganj-i-Sawai, merikebu ya Aurangzeb, mfalme wa Wamogoli, iliyokuwa ikirudi India na mahujaji. Thomas Tew, haramia kutoka makoloni ya Kiingereza ya Amerika, alikufa katika msafara huohuo. William Kidd alitumwa kuwawinda maharamia, naye akaishia kushitakiwa kwa uharamia; alinyongwa London mwaka 1701. Watu wa aina hiyo walijificha Madagaska, hasa katika kisiwa cha Sainte-Marie, na kutoka huko walivizia merikebu za biashara na za hija.

Wakati huohuo pwani ya Waswahili ilikuwa katika vita vyake. Waomani waliizingira Ngome ya Yesu ya Wareno mjini Mombasa kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Unguja ilitawaliwa na Malkia Fatuma, aliyekuwa upande wa Wareno. Waomani waliposhinda, alipelekwa uhamishoni Muscat. Baada ya hapo ndipo Waomani walipojenga Ngome Kongwe ya Unguja, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno.

Ukiipima filamu ya 1952 kwa historia hiyo, utaona kuwa imepindua mambo. Mwokozi ndani yake ni ofisa Mwingereza, na watu wa bahari hii wapo kwa ajili ya kutekwa na kuokolewa. Ukweli ni kwamba maharamia wa Madagaska wa miaka hiyo walikuwa hasa wageni kutoka Ulaya na Amerika. Watu wa pwani walikuwa wafanyabiashara, mahujaji, mabaharia na watawala wenye mikakati yao. Kwa hiyo jambo la kwanza katika ugawaji wa nafasi ni hili: Roc Brasiliano na genge lake wachezwe na Wazungu. Kumpa Msomali au Mswahili nafasi ya haramia kwa sababu watazamaji wa leo wamezoea habari za maharamia wa Somalia ni kukosea karne tatu nzima.

Nafasi ya Hawke inafaa igeuzwe kuwa ya mpelelezi mzaliwa wa pwani. Maisha ya mhusika huyu yanategemea kuaminiwa na watu anaowadanganya, kwa hiyo mwigizaji atafutwe kwa ulimi kabla ya sura. Mtu wa Nungwi akisikia Kitumbatu cha kuigiza hatapitisha dakika mbili kabla ya kukitambua, na mtu wa Makunduchi vivyo hivyo kwa lahaja yake. Flynn alikuwa na miaka 43 filamu ilipotoka. Mpelelezi wa makamo anayejua Kitumbatu, Kipemba na Kiarabu cha Oman atashawishi zaidi ya kijana mwenye misuli.

Mahali pa Spitfire pana mtu wa kweli wa kupashika, naye ni Malkia Fatuma. Nafasi yake inataka mwanamke mtu mzima, anayeweza kutawala baraza bila kupandisha sauti. Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar aliyecheza Mwajuma katika Vuta N'kuvute, anastahili kuitwa kwenye usaili. Filamu hiyo ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021 na ikathibitisha kuwa kisa cha Unguja kinaweza kubebwa kwa Kiswahili na waigizaji wasio na majina makubwa nje.

Mabaharia ndio kundi linalopuuzwa kuliko yote, na ndilo linaloiumbua filamu ya bahari. Tanga la jahazi halipandishwi na mtu mmoja. Watu hujipanga kwenye jarari, kamba ya kupandishia tanga, wakavuta kwa pamoja huku wakiitikiana, foromali, yaani boriti inayobeba tanga, ikapanda mlingotini. Chombo kinapogeuzwa, foromali hiyo nzito husimamishwa karibu wima, ikapitishwa mbele ya mlingoti na kuangushiwa upande wa pili, tanga likihama nayo. Aliyefundishwa kazi hiyo kwa wiki moja huonekana miguuni: hajui asimame wapi kamba inapokaza. Nungwi na Tumbatu wapo watu wanaoifanya kila siku. Vilevile mapigano ya panga yafundishwe na wachezaji wa ngoma za razha na kirumbizi, ili mkono wa mpiganaji uwe wa pwani.

Kwamba inawezekana kuwapa nafasi watu wasio waigizaji, filamu ya Captain Phillips ya mwaka 2013 ni ushahidi. Kwa nafasi za Wasomali, watengenezaji waliitisha usaili wa wazi Minneapolis, Marekani, na watu zaidi ya 700 wakajitokeza. Barkhad Abdi, mzaliwa wa Mogadishu ambaye hakuwa amewahi kuigiza filamu, alipata nafasi ya mkuu wa maharamia, akateuliwa kugombea Oscar na akashinda tuzo ya BAFTA. Akiitwa tena baharini, apewe unahodha, uharamia ameshaucheza.

Mahali pa kuanzia papo. Ngome Kongwe imekuwa mwenyeji wa Tamasha la Filamu la Zanzibar, ambalo tangu mwanzo limejiita tamasha la nchi za jahazi, na waongozaji, waigizaji na wenye fedha hukutana hapo. Mzalishaji atakayekichukua kisa hiki aje kufanya usaili wa manahodha na mabaharia Unguja, na tangazo la nafasi za maharamia alipeleke Ulaya.