Sare katika tamati ya wafalme na askari (sataranji)

Tamati ya wafalme na askari ni hatua ya mwisho ya mchezo wa sataranji (pia: chesi) ambapo ubaoni wamebaki wafalme wawili na askari tu. Askari huitwa pia vitunda. Katika hatua hii tofauti ya askari mmoja mara nyingi hutosha kuleta ushindi, kwa kuwa askari anayefika mstari wa mwisho hugeuzwa kuwa malkia. Hata hivyo, mchezaji aliyezidiwa bado ana njia kadhaa za kupata sare, na katika mashindano sare humpa nusu pointi badala ya sifuri. Wachezaji wengi hukubali kushindwa mapema kwa sababu hawazijui njia hizo.

Mkabala wa wafalme

Wafalme hawaruhusiwi kusimama katika miraba inayopakana. Wanapotazamana huku mraba mmoja ukiwa kati yao, yule anayelazimika kucheza hubidi ampishe mwenzake. Hali hiyo ndiyo mkabala, na ndiyo kinga kuu ya mfalme aliyebaki peke yake dhidi ya mfalme mwenye askari mmoja.

Mfano: Mweupe ana mfalme e5 na askari e6, Mweusi ana mfalme e7 na ni zamu yake. Hatua pekee iliyo sahihi ni kurudi nyuma moja kwa moja hadi e8. Mweupe akienda d6, Mweusi hujibu d8. Akienda f6, hujibu f8. Askari akisogea e7, mfalme mweusi hurudi e8. Hapo Mweupe ama amwache askari wake aliwe, ama amlinde kwa kwenda e6. Akimlinda, Mweusi hana pa kwenda ingawa mfalme wake hashambuliwi. Huo ni mkwamo, na kwa kanuni za sataranji mkwamo ni sare.

Mweusi akikosea mwanzoni kwa kwenda d8, Mweupe huenda d6 na kushinda: mfalme mweusi e8, askari e7, mfalme mweusi f7, mfalme mweupe d7, na askari hawezi kuzuiwa tena.

Askari wa ukingoni

Askari wa safu ya a au h ndiye dhaifu kuliko wote katika tamati hii. Mfalme anayejitetea akiwahi kona iliyo mbele ya askari huyo, hawezi kuondolewa. Matokeo ni mkwamo au marudio ya hatua zilezile. Yawezekana pia kumfungia mshambuliaji mbele ya askari wake mwenyewe. Kwa mfano, mfalme mweupe yuko a7 na askari wake a6, naye mfalme mweusi yuko c7. Mweupe akienda a8, Mweusi huenda c8. Askari akisogea a7, Mweusi hurudi c7, na safari hii aliyekwama ni Mweupe.

Kanuni ya mraba

Ili kujua kama mfalme atamkamata askari anayekimbia, mchezaji huchora akilini mraba mkubwa ambao upande wake mmoja unaanzia alipo askari hadi mstari wa mwisho. Mfalme akiweza kuingia ndani ya mraba huo kwa zamu yake, atamfikia. Askari ambaye bado yuko mahali pake pa kuanzia huhesabiwa kana kwamba amekwisha sogea mraba mmoja, kwa kuwa anaweza kuruka miwili.

Tatizo la Réti

Mfano maarufu zaidi ulitungwa na Richard Réti (1889-1929), bingwa aliyezaliwa Pezinok, leo nchini Slovakia, na kuchapishwa mwaka 1921. Mweupe ana mfalme h8 na askari c6. Mweusi ana mfalme a6 na askari h5. Mweupe anacheza na kupata sare, ingawa mfalme wake yuko nje ya mraba wa askari mweusi, na askari wake mwenyewe yuko karibu kuliwa.

Siri ni kwamba mfalme akipita kwa mshazari huyakaribia mambo mawili kwa hatua moja. Mfalme mweupe huenda g7, askari mweusi h4. Kisha mfalme f6. Mweusi akiendelea na h3, mfalme mweupe huenda e7 kumsaidia askari wake, na pande zote mbili hupata malkia. Mweusi akienda b6 ili amle askari, mfalme mweupe huenda e5. Sasa askari c6 akiliwa, mfalme mweupe huenda f4, tayari ndani ya mraba, na kumkamata askari mweusi. Askari mweusi akisogea h3 badala yake, mfalme mweupe huenda d6, na tena kila upande hupata malkia.

Wazo hilo lilikuwa limekwisha onekana katika mchezo halisi: Emanuel Lasker, bingwa wa dunia wa wakati huo, alilitumia kupata sare dhidi ya Siegbert Tarrasch mjini St. Petersburg mwaka 1914.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali kushindwa, mchezaji hukagua mambo manne: nani ana mkabala, je askari ni wa ukingoni, je mkwamo unawezekana, na je kuna njia ya mshazari inayotimiza malengo mawili kwa pamoja.