Utambuzi na Utunzaji wa Gia Otomatiki

Magari madogo yaliyotumika Japani, kama Toyota Vitz, yameenea Mwanza, na mengi yana gia otomatiki. Jina hilo hufunika mitambo miwili tofauti. Vitz ya otomatiki ya mwaka 1999 ina gia nne. Nyingi za toleo la mwaka 2005 zina CVT, yaani mkanda wa chuma uzungukao kwenye puli mbili.

Kibati cha utambulisho, ndani ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, kisomwe kabla ya kumsikiliza fundi. Mbele ya maneno TRANS/AXLE, herufi K huonyesha mkanda. U au A, gia za kawaida.

Mkanda hushika puli kwa msuguano. Ukitiwa oili isiyo yake huweza kuteleza na kulika, hasa kwenye vilima vya Mwanza. Na chama chenye gari moja hakina la akiba msimu wa pamba. Rangi nyekundu isimdanganye mtu, kwani oili za aina zote mbili huweza kuwa nyekundu.

Penye kijiti, oili hupimwa ikiwa imepata moto, gari likiwa tambarare, injini ikizunguka, mkono wa gia ukiwa kwenye P.