Cherero wa Fischer

Cherero wa Fischer (jina la kisayansi: Agapornis fischeri) ni ndege mdogo wa familia Psittaculidae, jamaa ya kasuku, ambaye asili yake ni kaskazini mwa Tanzania. Ni mmoja wa spishi 9 za jenasi Agapornis. Spishi hii ilielezwa kisayansi na Anton Reichenow mwaka 1887, na jina lake linamkumbuka mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer.

Maelezo

Urefu wake ni sm 15 hivi. Mwili ni kijani, shingo ni njano, uso una rangi ya machungwa na mdomo ni mwekundu. Macho yamezungukwa na duara la ngozi nyeupe. Dume na jike hufanana.

Uenezi na mwenendo

Huishi kwa makundi katika savana za kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, pamoja na Serengeti. Hula mbegu za manyasi na migunga, na pia mtama na mahindi, kwa hiyo wakulima humwona mharibifu. Hujenga tago ndani ya tundu la mti. Jike hutaga mayai 3 hadi 8 na kuyaatamia kwa siku 23 hivi.

Kufugwa

Cherero huyu hufugwa katika bustani za wanyama na majumbani duniani kote, na huzaa kwa urahisi kizimbani. Lakini wingi huo si akiba ya kutegemewa. Akiwekwa pamoja na cherero kichwa-cheusi (Agapornis personatus), huzaa machotara ambao nao huzaliana. Ndege asiyejulikana ukoo wake, au mwenye virusi vya ugonjwa wa mdomo na manyoya, hafai kurudishwa porini. Huko Naivasha, Kenya, ndege waliotoroka au kuachiliwa wamekwisha kuwa kundi la machotara. Cherero wanaoonekana Dar es Salaam pia si wenyeji: ni cherero kichwa-cheusi walioletwa na watu, na asili yao ni maeneo makavu ya katikati ya Tanzania.

Vitisho na uhifadhi

Tishio kubwa lilikuwa biashara. Kwa kuwa hukusanyika kwa makundi, ni rahisi kunaswa kwa nyavu. Mwaka 1987 alikuwa ndege wa porini aliyeuzwa kuliko wote katika biashara ya kimataifa, na idadi yake ilipungua sana. Leo wanapatikana kwa wingi zaidi ndani ya hifadhi kuliko nje yake. IUCN imemworodhesha kuwa karibu na hatari, na biashara yake inasimamiwa na Nyongeza ya II ya mkataba wa CITES. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Tangazo la Juni 2022 la kuuruhusu tena kwa miezi sita lilisitishwa mara moja.