Faiba Kiwandani: Si Suala la Kasi Tu

Ukiuliza faiba ina faida gani, wengi watakujibu: kasi. Nyumbani ni kweli. Lakini kiwandani mashine nyingi hutumiana ujumbe mfupi tu: joto la tanuri, shinikizo la mvuke, amri ya kusimamisha mkanda. Kazi ni kuufikisha ujumbe huo ukiwa mzima.

Waya wa shaba hupitisha umeme, hivyo hudaka na umeme usiouhusu. Mota kubwa inapowashwa, draivu inapokatakata umeme ili kurekebisha mwendo wa mota, au fundi anapochomelea vyuma jirani, usumaku unaotokea huzua mikondo midogo ndani ya waya. Ujumbe unaharibika njiani, uzalishaji unasimama, na fundi anashinda akibadilisha vifaa ambavyo ni vizima.

Ndani ya faiba hakuna umeme wa kuvurugwa. Katika faiba ya masafa marefu, mwanga husafiri katika kiini cha kioo chenye kipenyo cha mikromita 9 hivi, chembamba mara kadhaa kuliko unywele. Kioo kinachokizunguka ni cha aina tofauti kidogo, na mwanga ukiugonga mpaka wao kwa mshazari hurudishwa ndani. Ndiyo maana hufika makumi ya kilomita, ilhali kebo ya kawaida ya mtandao ya shaba huishia mita 100.

Ushahidi uko juu ya vichwa vyetu. Katika njia kuu kadhaa za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, waya wa juu kabisa wa mnara, ule unaokinga radi, hubeba nyuzi za faiba tumboni. Sehemu ya Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano inapita humo, mita chache tu kutoka nyaya zenye msongo wa maelfu ya volti. Shaba ya simu isingethubutu kukaa hapo.

Lakini shaba haijastaafu. Faiba ya kioo haipitishi umeme wa kukilisha kifaa, na kamera au kihisi kilicho karibu bado huhudumiwa vizuri na kebo moja ya shaba inayobeba vyote viwili. Faiba nayo ina adui wake: vumbi. Chembe usiyoiona kwa macho inatosha kuziba kiini, na kiwanda cha saruji hakikosi chembe.

Kwa hiyo, fundi, acha kifuniko mahali pake mpaka dakika ya kuunganisha, na safisha ncha kila mara kabla ya kuchomeka. Usiichungulie kamwe: mwanga wake mara nyingi hauonekani, lakini unaweza kuunguza jicho.