Mjumbe Hauawi, Hata Katika Mtandao

Kuna maradhi ya mtandao yanayowahangaisha wengi bila wao kuyajua jina. Mtu hufungua tovuti, seva ikaitikia, kisha ukurasa ukabaki mweupe. Tovuti nyingine zafunguka barabara. Akilalamika, huambiwa kompyuta yake ndiyo mbovu. Aghalabu hilo si kweli.

Data husafiri katika vifurushi viitwavyo pakiti. Katika mitandao mingi, pakiti moja haizidi baiti 1500. Hata hivyo, njiani huenda pakawa na mahali pembamba zaidi. Laini inayotumia utaratibu wa PPPoE, kwa mfano, hupitisha baiti 1492 pekee, maana 8 hutwaliwa na utaratibu wenyewe. Pakiti kubwa iliyotiwa alama ya kutokatwa ikifika hapo, ruta huitupa na kuipelekea seva ujumbe wa ICMP, kuieleza kipimo kinachofaa. Seva nayo hupunguza mzigo na kuutuma upya. Utaratibu huu ulielezwa bayana mwaka 1990 katika waraka uitwao RFC 1191.

La kusikitisha ni kwamba baadhi ya wasimamizi wa seva, kwa kuwahofia wavamizi, huamuru faiawali zinazolinda malango yao zizuie ujumbe wote wa ICMP. Mjumbe anauawa mlangoni! Seva, isiyo na habari, huituma pakiti ile ile tena na tena, isifike. Salamu za mwanzo hupita kwa kuwa ni pakiti ndogo, na kwa sababu hiyo msimamizi hudhani mambo ni shwari.

Kuyatambua maradhi haya si kazi ngumu. Msimamizi na atume kutoka kwenye seva, kwa amri ya ping, pakiti isiyokatwa yenye baiti 1472 za data; ukiongeza 28 za vichwa, zatimia 1500. Ikipotea, nayo ya baiti 1464 ikapita, basi njia hiyo ina kikomo cha 1492. Dawa ni kuuruhusu ujumbe wa ICMP wa aina ya 3, msimbo wa 4. Katika IPv6 jambo hili lina uzito zaidi, kwani humo ruta haziruhusiwi kabisa kukata pakiti.

Sisi wanaisimu twafahamu kuwa mazungumzo hayakamiliki kwa msemaji kusema tu; sharti msikilizaji naye aweze kutamka, "Sikukupata." Anayekataa kauli hiyo hajajilinda, amejitia uziwi.

Siku hizi fomu za vyuo, kodi na leseni zimehamia mtandaoni. Mwananchi anayekosa fomu siku ya mwisho kwa ajili ya baiti 8 amedhulumiwa, na kumtupia lawama ni kumdhulumu mara ya pili. Wasimamizi na wachuje wageni langoni, lakini mjumbe wa kweli wampishe.