Mtoto Wako Anataka Kwenda Gombe

Ndugu msomaji, huenda siku moja mwanao atarudi kutoka shule na karatasi mkononi. "Baba, mwalimu amesema tunakwenda Gombe kutazama sokwe. Naomba nauli na ruhusa." Mama amesimama mlangoni, anasikiliza utakalojibu.

Nauli waweza kuitafuta, hata kwa kuuza debe la maharage. Lakini ruhusa je? Hapo ndipo penye shida, kwa maana Gombe haiendwi kwa gari. Hakuna barabara ya kufika huko. Sharti mtoto apande boti Kigoma, asafiri juu ya Ziwa Tanganyika kadiri ya kilomita 16 kwenda kaskazini.

Sisi wa Kasulu na Kibondo ni watu wa milimani. Shamba twalijua, na mawingu ya mvua twayajua. Ziwa ni jambo jingine. Wahenga walisema: Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Na maji yale ni mengi kweli. Kina chake hufika mita 1,470, na duniani kote ni ziwa moja tu lenye kina kulipita, nalo ni Baikal la Urusi. Wakati wa kiangazi upepo mkali huvuma kutoka kusini, na wakati wa masika dhoruba huja ghafla.

Si kusudi letu kukutisha. Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na habari za sokwe wake zilienea duniani kote baada ya Jane Goodall kuanza kuwachunguza mwaka 1960. Yafaa watoto wetu waione mali yao. Kwa hiyo kukataa tu si dawa. Dawa ni kuuliza mapema, kwani boti ikiisha kuondoka ufukoni, hakuna tena nafasi ya kuuliza.

Kumbuka yaliyotupata katika Ziwa Victoria. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na watu zaidi ya 800 walikufa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati la Ukara. Kiliruhusiwa kuchukua abiria 101. Waliokufa walikuwa zaidi ya 220. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu: waliokufa peke yao walikuwa mara mbili ya wale walioruhusiwa kupanda!

Basi, kabla ya kutoa ruhusa, nenda shuleni ukaulize mambo manne.

Kwanza, boti hiyo imekaguliwa, na imeruhusiwa kuchukua watu wangapi? Shirika liitwalo TASAC ndilo lisimamialo usalama wa vyombo vya majini. Watoto wakizidi hesabu hiyo, sharti waende kwa safari mbili.

Pili, kila mtoto atakuwa na jaketi la kujiokolea, lenye kumtosha? Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani akiingia majini. Tena livaliwe na kufungwa kabla ya kupanda. Jaketi lililorundikwa chini ya viti halimsaidii mtu.

Tatu, wataondoka saa ngapi, na watarudi saa ngapi? Wasiwe ziwani usiku. Upepo ukiwa mkali, walale huko huko hata siku ya pili. Kuchelewa shule siku moja si msiba.

Nne, nani atakuwa na amri ya kusema, "Leo hatuendi"? Mwalimu awe na moyo wa kulisema neno hilo, hata kama nauli imekwisha lipwa.

Kisha mfundishe mwanao mwenyewe. Akiwa botini aketi chini, asisimame kupiga picha, wala wasikimbilie wote upande mmoja kutazama kitu. Boti ikipinduka, aishike, asijaribu kuogelea kwenda nchi kavu; pwani huonekana karibu kuliko ilivyo. Na akiona mwenzake anazama, asijitupe majini, maana azamaye humkumbatia mwokoaji wakazama wote wawili. Amtupie kamba, au amnyoshee fimbo, au amrushie dumu tupu lililofungwa kizibo barabara.

Mafundisho hayo yatamfaa hata asipofika Gombe. Mito yetu humwaga maji katika Malagarasi, na Malagarasi huishia katika ziwa lile lile. Wako watu wetu wavukao kwa mtumbwi kila juma kwenda shambani au sokoni, na mto ule una viboko na mamba. Mtumbwi uliojaa mizigo hadi maji kugusa ukingo ni hatari sawasawa na kivuko kilichojaa watu. Dumu tupu moja ndani ya mtumbwi ni kitu kidogo, lakini laweza kumrudisha mtu nyumbani.

Liko neno moja la mwisho, nalo ni gumu kuliko yote. Watu wengi huiona hatari, wakapanda kwa haya. Huona chombo kimejaa, lakini huogopa kuchekwa, au kuitwa washamba wa milimani. Mwambie mwanao hivi: "Ukiona boti imejaa, au huna jaketi, baki ufukoni. Mwambie mwalimu kwamba baba ndiye aliyekataza. Ukirudi bila kuwaona sokwe, sitakugombeza."

Ndugu msomaji, usiichane karatasi ile, wala usiitie sahihi upesi. Iweke mezani, na kesho asubuhi uende nayo shuleni.